Siku Tulipofanya Kazi Kupita Kiasi

Nakumbuka siku ile ya Mau Narok, mwanangu, kila ninapomenya viazi. Nimekuona umepiga pasi shati la intavyu ya Jumatatu, na cheti chako cha stadi za maisha umekitia kwenye bahasha mpya. Basi keti kidogo. Mimi pia niliwahi kuwa na cheti kama hicho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tukikaa mtaa wa Section 58. Baba alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na mimi ndiye mkubwa katika watoto watano. Kanisa letu likaandaa mafunzo ya wiki mbili kwa vijana waliomaliza shule. Mwalimu alitoka Nairobi, kijana nadhifu ajabu, viatu vyake vina ncha ndefu kiasi kwamba ngazi za ukumbi alizipanda kwa upande. Alitufundisha kupeana mkono imara, kumtazama mtu machoni na kufanya kazi kama timu. Hayo ni mazuri, na nayatumia mpaka leo. Lakini alituongezea mawili. Ukiulizwa udhaifu wako, nyamaza kidogo kama mtu anayefikiria, kisha useme kwamba unafanya kazi kupita kiasi. Na kamwe usionyeshe kwamba kuna jambo hulijui.

Haukupita muda, shamba moja la mbegu za viazi kule Mau Narok likatangaza nafasi ya msimamizi wa ghala. Nafasi moja tu. Tukaenda saba, wote wa darasa lile. Mama aliniazima blauzi yake ya kuendea harusi. Asubuhi hiyo alinitazama tu, nikajua nyumba nzima inanitegemea.

Aliyetuhoji ni mzee Tanui, mkuu wa ghala, mtu wa gambuti na kofia ya sufu, hana haraka hata ya kupiga chafya. Alituita mmoja mmoja, mimi nikiwa wa mwisho. Alipouliza udhaifu wangu, nilinyamaza kidogo, nikatazama dari, nikajibu kama nilivyofundishwa. Mzee akaweka kalamu chini.

"Wewe ni wa saba," akasema. "Huu ugonjwa wa kufanya kazi kupita kiasi, huko Section 58 mnaupata kwa maji?"

Nikamtazama machoni kwa nguvu, mpaka yeye mwenyewe akaona haya akageukia dirisha.

Tukapewa chai, kisha akatupeleka ghalani. Ilikuwa nyumba ndefu ya mbao yenye mwanga mdogo, rafu za viazi zikianzia mlangoni hadi mwisho. Akatuonyesha upande mmoja, akasema tuvichambue, vibaya tuvitoe, vizuri vibaki, kwani vinatakiwa shambani Alhamisi. Yeye anaenda kuangalia trekta, atarudi saa sita. Akauliza kama kuna swali. Tukajibu kwa sauti moja kwamba hakuna.

Mlango ulipofungwa tukavitazama. Mwanangu, kila kiazi kilikuwa kimechipua. Nyumbani kwetu kiazi kikichipua, mama hukivunja kile kichipukizi, na kikiwa kimelegea anakitupa. Nikaona bahati yangu ndiyo hii. Ghala la mzee limeharibika bila yeye kujua, na mimi ndimi nitakayeliokoa.

Nikashika uongozi. Niliwagawa wawili wawili kwa rafu, na Ouma, aliyekuwa na saa, nikamfanya mtangaza muda. Tukavunja vichipukizi, na vile viazi vilivyochipua sana tukavirusha nje kwenye tope. Tulipongezana. Aliyechoka tulimshika bega. Yule mwalimu angetuona angelia kwa furaha. Mara moja tu Wambui, msichana ambaye wazazi wake ni wakulima kule Kabazi, alisema polepole kwamba pengine tungemuuliza mzee kwanza.

"Usituangushe, dada," nikamwambia. "Tumeshasema hakuna swali."

Akainama, akavunja kama sisi.

Mzee aliporudi nikamwendea mbele ya wenzangu, nikampa mkono imara, nikamwarifu kwamba tumemaliza kabla ya muda. Hakuuachia ule mkono. Alitazama rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akanieleza bila kupandisha sauti kwamba ile ni mbegu, kwamba mbegu ya kiazi haipandwi mpaka ichipue, na kwamba vichipukizi hivyo amevisubiri miezi miwili.

"Hamkunidanganya," akasema. "Kweli mnafanya kazi kupita kiasi."

Wenzangu wakachukua bahasha zao wakaondoka, na hakuna aliyempa mtu mkono. Mimi nikabaki. Nilimfikiria mama akingoja mlangoni, na blauzi yake ndiyo hii imejaa udongo.

"Mzee, mimi sijui chochote kuhusu viazi," nikasema. "Nionyeshe, nirekebishe nilichoharibu."

Akaokota kiazi, akanionyesha macho ya kiazi hicho, mahali ambapo kichipukizi kingine kingetokea tukingoja. Tuliviokota vile vya kwenye tope kimoja kimoja hadi jioni. Vikachipua tena baada ya majuma kadhaa, mvua ikiwa imetutangulia, na mavuno ya msimu ule yalikuwa ya aibu. Lakini nafasi ile mzee hakuitangaza tena. Watu walipomuuliza kwa nini alinichukua mimi, alisema kwamba kunifundisha kumemgharimu upande mzima wa ghala, na hana mbegu ya kumfundishia mwingine.

Viazi nilishavisahau. Kinachoniuma ni Wambui. Katika sisi saba alikuwepo mmoja anayejua, na mimi kiongozi ndiye niliyemnyamazisha.

Kwa hivyo Jumatatu peana mkono imara. Mtazame mtu machoni, lakini umpumzishe. Ukiulizwa udhaifu wako taja wa kweli, maana wataujua tu kabla ya saa sita. Ukipewa kazi, uliza kwanza kazi yenyewe ni nini, hata kama wenzako wote wamesema hakuna swali. Na siku utakayosimama mbele ya wengine, yule anayeuliza kwa sauti ndogo, zima kelele zako umsikie.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mkubwa wa kazi mwenye subira kama mzee Tanui, na macho ya kuona usichokijua. Urudi na kazi. Na ukirudi bila kazi, urudi hivyo hivyo, viazi viko jikoni.