Siundu Aliyeandikwa Shiundu

Phanice Nasipwondi alikuwa na hasira tangu Aprili, na asikudanganye mtu kwamba hasira hupoa zenyewe. Zake alilala nazo, akaamka nazo, akazipigia pedeli ya cherehani pale Kawangware mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama amekosana na mtu. "Ndiyo, nimekosana na mtu," alikuwa akijibu. "Leta hiyo sketi."

Mtu mwenyewe ni Vincent Nyongesa, binamu wa baba yake, mkaaji wa Nyayo Highrise, mwenyekiti wa chama cha ukoo, mwanaume aliyezoea kusikilizwa. Aprili hiyo walikuwa nyumbani Bungoma kwenye maziko. Baba yake Phanice, Mzee Nalianya, mlinzi mstaafu wa miaka sabini na saba, alisogea mpaka kwenye kaburi la zamani la baba yake, Siundu, akagusa nyasi za upande wa kushoto kwa fimbo yake. "Mimi mtanilaza hapa," akasema. Basi. Neno la mzee ambaye miguu imechoka. Na Vincent akamjibu mbele ya wakwe, mbele ya pasta, mbele ya watoto: "Hapo ni pa watoto wa Siundu. Wewe ulikuja tumboni."

Maana yake kila mtu aliielewa. Kwamba Nabalayo, mama wa Mzee Nalianya, aliolewa na Siundu akiwa tayari na mimba ya mwanaume mwingine. Kwamba Nalianya ni mgeni, na mgeni hana kaburi pale.

Phanice alimtazama baba yake, akingoja amrarue yule mtu. Mzee akaangalia viatu vyake. Hilo ndilo lililomchoma Phanice kuliko tusi lenyewe, na ndani ya basi la kurudi Nairobi alimuuliza zaidi ya mara moja: "Papa, kwa nini hukumjibu?"

"Wacha tu."

Wacha tu! Aache nini? Mzee aliyekesha kwenye mageti ya watu miaka thelathini na nne aambiwe hana hata futi sita za udongo, halafu mtu aache tu?

Phanice hakuacha. Alikumbuka kitu ambacho nyanya yake Nabalayo alipenda kusema akiwa anachambua mboga: kwamba Siundu aliwahi kutembea mpaka kortini kwa ajili ya mtoto. Korti gani, mtoto gani, nyanya hakusema. Lakini korti huandika. Akauliza huku na kule, akaambiwa kuna ofisi moja mjini yenye stoo ya mafaili ya korti za wazee za enzi ya mkoloni. Akafunga kazi, akaenda.

Alienda mara sita. Karani wa pale, Omolo, alimjua hadi hatua zake.

"Madam, nimekuambia Siundu hakuna."

"Angalia tena."

"Nikiangalia tena nitatoa jina mfukoni?"

"Utatoa kichwa chako kwenye hiyo simu kwanza, halafu utaangalia."

Watu kwenye foleni wakacheka. Omolo hakucheka, na Siundu hakupatikana. Phanice akatoka akiwalaani makarani wote, wa sasa na wa zamani.

Jibu lilikuja bila kuitwa, tena kutoka kibanda cha jirani. Immaculate, mama wa Mumias anayeuza mitumba ubavuni mwa Phanice, alitoa shingo nje akauliza kwa sauti: "Shimiyu wa maji amepita?"

"Ni Simiyu!" Phanice akafoka, maana siku hiyo hata nzi angefokewa. "Si-mi-yu. Nyinyi watu wa Mumias mnatia H kila mahali kama chumvi."

"Ni nyinyi Wabukusu mnazimeza," Immaculate akamjibu akicheka. "Babu yangu alikuwa karani wa korti huko kwenu. Alikuwa akisema lazima awarekebishie majina, kwa sababu wenyewe hamjui kujiita."

Mguu wa Phanice ukasimama juu ya pedeli. Sindano ikabaki ndani ya kitambaa.

Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. "Niangalizie Shiundu," akamwambia Omolo.

"Shiundu wapo watatu. Si ulisema Siundu?"

Phanice alitaka kumpiga na mkoba. Badala yake akauma meno, akangoja.

Faili lilikuwa la mwaka 1947, karatasi za kahawia, mwandiko wa kulala. Kwenye ukurasa wa kwanza alizungumza mwanaume wa Malakisi: *Mimi ndiye nilimpa Nabalayo mimba. Mtoto ni wangu, nimekuja kumtaka.* Phanice alisoma. Kwa hiyo ni kweli. Vincent alisema kweli! Akaikasirikia karatasi, akamkasirikia nyanya yake kaburini, akajikasirikia yeye mwenyewe kwa kuchimba. Angeuchana ukurasa ule kama Omolo hangekuwa amemkodolea macho. Halafu akafunua wa pili, akausoma mara mbili, na akaomba kopi ya zote mbili.

Jumapili chama cha ukoo kilikutana kwenye ukumbi wa kanisa, mtaani Olympic. Phanice alikuja na baba yake amemshika mkono. Hakuwa amemwambia lolote. Alikusudia kusoma ukurasa wa pili tu, wa kwanza afe nao. Lakini alipoinuka tu, Vincent akanyoosha mkono, akamnyang'anya karatasi. "Mambo ya ukoo husomwa na mwenyekiti," akasema, akausoma ule wa kwanza kwa sauti ya kanisani, kila neno likimwingia utamu. "Mmesikia wenyewe. Hata korti ilijua."

Mzee Nalianya akaangalia viatu vyake, vilevile kama Aprili.

"Geuza!" Phanice alipiga kelele hadi watoto wa nje wakachungulia. "Geuza ukurasa, Vincent! Ama macho yako huishia pale roho yako inapenda?"

Vincent hakugeuza. Phanice akaichukua karatasi mkononi mwake, akaanza kusoma.

"*Shiundu anasema: Huyu mtoto si mimba yangu, na mimi najua. Nilimwoa mama yake nikijua. Nimempa jina la baba yangu, Nalianya. Jina la baba yangu siwezi kumpa mgeni. Atakaa kwangu, na akifa atalala kando yangu.*" Akashusha kidole mstari wa chini. "*Shahidi: Mimi Makokha, ndugu wa Shiundu. Mtoto ni wetu. Atakayesema si wetu, yeye ndiye si wetu.* Ameweka kidole gumba hapa chini. Vincent, Makokha ni nani?"

Vincent akatazama mlango.

"Waambie watu! Makokha ni nani?"

"Ni mzee wangu," Vincent akasema kwa sauti ndogo.

"Baba yako! Baba yako aliweka kidole! Yeye ndiye alikupa hii habari nusu, ama ni wewe uliikata?"

Alikuwa na mengine ya kumpa, miezi mitano ya mengine. Lakini fimbo iligonga sakafu.

"Phanice," mzee akasema. "Soma tena pale."

"Wapi, Papa?"

"Pale anasema alijua."

Phanice akasoma. Mzee alikuwa ameinua uso, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila yeye kuyafuta.

"Kwamba nilikuja tumboni, mama aliniambia kabla hajafa. Miaka arobaini nimekaa nayo. Nilidhani baba hakujua. Nilidhani nimemwibia jina, mtu mzuri vile, ndiyo maana sikuwa na mdomo wa kujibu mtu." Akamgeukia binti yake. "Soma tena, mama."

Phanice alitafuta hasira zake, akazikosa. Akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"*Shiundu anasema...*"

"Siundu," mzee akamsahihisha. "Baba yangu anaitwa Siundu."