Mikono ya Jentrix na Karatasi ya Kitale

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu kama zingine, Mzee Wekoye na mkewe Jentrix walikunywa chai na viazi vitamu vya jana, nje ya jikoni, kwao Tongaren. Mzee alikuwa amevaa sweta nyuma mbele. Jentrix alimcheka, akasema mtoto aliye tumboni mwa binti yao Emmy, hata kabla ya kuota meno, atajua kuvaa kumshinda. Wakacheka wote. Hawakucheka hivyo tena.

Jentrix alikuwa mkunga. Hakusomea popote, mama yake ndiye alimfundisha. Kabla ya kugusa tumbo la mtu alipasha mikono juu ya jiko, akaipaka mafuta kidogo, kisha akafumba macho. Nusu ya watoto wa pale walipitia mikononi mwake. Wanawake waliiamini mikono hiyo kuliko kliniki.

Mchana ule Emmy, kitinda mimba wao, alifika kutoka Kitale na mimba ya miezi saba. Alikuwa amepigwa picha ya tumbo, akapewa karatasi. Daktari aliona mgongo wa mtoto una mahali ambapo hapakufunga, na kichwa kimejaa maji. Asizalie nyumbani. Aende hospitali kubwa Eldoret, mtoto atolewe kwa upasuaji, na mgongo ufungwe siku za kwanza. Emmy aliwasomea hayo akilia.

Jentrix akapasha mikono. Akapapasa, akapapasa.

"Kichwa ni kikubwa kama cha baba yako," akasema. "Na anacheza. Hiyo mashine ya Kitale iliona mtoto wa nani?"

Emmy akacheka katikati ya kilio. Alitaka sana kuamini.

Kwao ubaya wa mtoto aliye tumboni hautajwi. Ukiutaja, umeuita. Basi Jentrix alikunja ile karatasi, akaizika ndani ya gorogoro ya mbegu za maharagwe, mkebe ambao hakuna mtu anayeugusa mpaka mvua. Wekoye alimwona. Akajiambia mambo ya mimba si ya wanaume, akaenda kuangalia ng'ombe. Laiti angeuliza neno moja tu.

Emmy akabaki hapo nyumbani. Wiki ya saba tangu afike, uchungu ukaanza. Kutoka alfajiri mpaka saa nane mchana kichwa hakikupita. Jentrix alitoka nje, akamwambia mumewe atafute gari. Walipofika hospitali ya Lugulu, Emmy aliokolewa kwa kisu. Mtoto alikuwa ameshakufa. Mvulana. Mgongo wake ulikuwa wazi, palepale karatasi iliposema. Jentrix alimfunika na leso yake. Akamfunua, akatazama tena.

Emmy alirudi Kitale. Hakumlaumu mama yake. Hakuja tena pia.

Mvua iliponyesha, Jentrix alimimina mbegu kwenye ungo, karatasi ikaanguka juu ya mbegu. Yeye hakujua kusoma, wala mumewe. Waliitazama tu. Siku hiyo hawakupanda.

Toka hapo hakupasha mikono tena. Mwanamke akija, alimrudisha. Chakula kikamshinda, mwili ukaanza kuisha. Wekoye alimbembeleza waende hospitali, akakataa. Alimpikia uji, yeye ambaye hajawahi kupika. Jentrix akanywa vijiko viwili ili asimvunje moyo, akageukia ukuta.

Wiki moja kabla hajafa, Phanice, mke wa jirani yao Jairus, alikuja na mimba yake ya kwanza. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita kukhu, kama wajukuu wote walivyomwita, akaomba aguswe mara moja tu kwa sababu kliniki inamtisha. Jentrix akaficha mikono chini ya blanketi. Wekoye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Alisikia kila neno, na mpaka leo hajasahau hata moja:

"Mikono yangu ilijua kichwa, haikujua mgongo. Nenda Kitale, mwanangu, na wakikupa karatasi, usiniletee mimi."