Nchi Iligeuka Mwaka Gani?

Jumamosi iliyopita nilipata habari kwamba mzee aliyekuwa akinisahihisha amefariki. Ninyi mnaoisoma safu hii kila wiki hamkumjua, lakini mmenufaika naye, maana kwa miaka mitano aliikata kila safu gazetini kwa makasi, akaipitia kwa kalamu nyekundu na kuniletea Ngara, kwenye hoteli ndogo ya chai nyuma ya maduka ya jumla, ili nione aibu mbele ya sahani ya bhajia. Alikuwa mtu wa Ukambani, mstaafu, mkazi wa mtaa wa Satellite, na maisha yake yote ya kazi aliyamalizia katika kiwanda kimoja cha uchapaji akiwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio zinazopitiwa kabla ya kuchapwa. Presha ndiyo iliyomwondoa. Alianguka asubuhi akinyoa ndevu, na kufikia saa sita mchana hayupo. Mwenye hoteli ndiye aliyenipigia. "Bhai," akaniambia, "mzee yetu amekwenda." Kisha akakata simu.

Mezani pale tulikuwa watatu. Mwenye hoteli ni Mhindi aliyezaliwa Ngara hiyo hiyo. Tulimwita Bhai, yaani ndugu kwa lugha ya kwao, naye akatuita Bhai sote wawili, na hakuna aliyechanganyikiwa. Ubishi wetu ulikuwa mmoja tu, na tuliurudia kila Jumamosi kama watu wasio na wake nyumbani: nchi hii iligeuka mwaka gani? Bhai alishikilia kwamba iligeuka mara tu baada ya uhuru, pale familia kama yake zilipopewa muda mfupi wa kuchagua karatasi za kuwa raia. Kaka yake alichagua London, yeye akachagua Ngara. "Nimebaki, na mpaka leo mtu anakuja kununua mandazi ananiuliza, Bhai, unarudi kwenu lini? Kwetu ni wapi? Si ni hapa kwa hii kaunta!" Mimi nilitetea uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na mbili. Mtakumbuka siku zile, wageni wakikumbatiana katikati ya jiji, wananchi wakimzunguka askari wa trafiki na kumlazimisha arudishe hongo. Loo, nililewa matumaini bila kuonja tone! Niliandika safu tatu mfululizo kwamba tumezaliwa upya. Mzee alizisahihisha zote, na mwisho wa ile ya tatu akaandika pembeni kwa wekundu: "Una hakika?"

Yeye hakutaja mwaka. Tukimbana, alisema sisi wawili tunasoma vibaya. Kazini alifundishwa kusoma ukurasa kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, kwa sababu ukisoma kwenda mbele maana inakubeba, unaona kilichopaswa kuandikwa badala ya kilichoandikwa. "Hata historia ni hivyo," alisema. "Anza hapa tulipo. Hii shida ya leo imetoka wapi? Na hiyo nayo ilitoka wapi? Rudi polepole mpaka ufike kwa kosa." Nikamuuliza kwa kejeli, basi yeye amefika wapi? Alimimina chai kwenye kisosi, akaipuliza, akainywa yote. Kisha akatusimulia jambo ambalo nadhani hakuwa amemsimulia mtu.

Zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi, aliletewa prufu ya kitabu cha historia cha shule za msingi. Kilikuwa kimeshapita mikononi mwake mara mbili bila neno. Mara hii kilirudi na agizo: sentensi tatu zilizomtaja mtu fulani aliyepigania uhuru ziondolewe, kwa kuwa mtu huyo alikuwa amekosana na wakubwa. Mkuu wake hakupiga kelele wala hakumtisha. Alisema tu, "Rekebisha, na pengo lisionekane." Mzee akachora alama ya kufuta, akasogeza maneno yakaziba, akatia herufi za jina lake pembeni, akaenda kula. "Nilikula wali na maharagwe," alisema, "na nikashiba vizuri sana." Miaka michache baadaye binti yake akaja nyumbani na kitabu kile kile, akamwomba amsaidie kukariri ukurasa ule kwa ajili ya mtihani. Akamkaririsha. Mtoto akapata alama zote. "Kwa hivyo mkiniuliza nchi iligeuka lini," alisema, "mwaka mtanisamehe, lakini siku naijua. Ilikuwa Jumanne." Bhai alianza kucheka, akaona sisi hatucheki, akaenda kuangalia sufuria ya chai.

Nimeifikiria sana Jumanne ile. Sisi hupenda siku kubwa, bendera ikipanda, redio ikitangaza, umati ukiimba, kwa sababu siku kubwa ilifanywa na wengine na sisi tulikuwa watazamaji tu. Nani hapendi kuwa mtazamaji? Lakini pita katika ofisi za jiji hili uone. Kuna karani anayeliweka faili la shamba la mjane chini ya mafaili mengine, kuna mwalimu anayefundisha asichokiamini kwa kuwa ndicho kitakachoulizwa, kuna mwandishi anayepunguza makali ya habari kabla hata mhariri hajamwambia. Nami nimo, msidhani nawasema wengine. Zamani nilidhani watu wa namna hii wakistaafu, nchi itanyooka. Siku hizi naona wanaochukua viti vyao ni vijana wenye tai nzuri zaidi, na wanatia sahihi haraka zaidi. Sina tumaini la kuwauzia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae siku nne bila kuandika hata mstari. Mnakumbuka Januari ya mwaka jana, baada ya matokeo ya uchaguzi kukataliwa na majirani kuanza kufukuzana kwa kabila. Asubuhi moja mzee alinipigia simu, na kama kawaida yake akaanza na safu yangu. "Umeandika Wakenya wamegeuka," akasema. "Umeacha herufi mbili mwishoni. Wamegeukana." Nikacheka, maana alikuwa sahihi kama siku zote. Kisha akateremsha sauti. Nyumbani kwake Satellite alikuwa amemficha mama mmoja jirani na watoto wake wawili, ambao kabila lao halikutakiwa tena pale mtaani. Usiku uliopita karatasi ilikuwa imetupwa langoni ikimwambia naye atakiona. "Wewe uko Woodley, una nafasi na una gari," akasema. "Wachukue wiki moja tu, hali itulie." Nikamwambia, "Sawa, Mzee, nipe nusu saa nijipange."

Nilisema sawa. Naomba mlisome neno hilo kama nilivyolisema, bila kigugumizi. Kisha nikasimama dirishani, nikaona moshi mbali kule, nikawaza majirani zangu watasema nini wakimsikia mama yule akiita watoto wake kwa lugha yake. Nikawaza vijana wa kijiweni watajua ni nani aliyemleta. Sikumwambia hata mke wangu, ambaye najua angesema twende. Nikaizima simu. Nikaiwasha kesho yake jioni, na sikukuta ujumbe wowote wa kunilaumu.

Hoteli ilipofunguliwa tena tulikutana, na mzee alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani. Sikumwuliza yule mama aliishia wapi, naye hakunieleza. Nilijiambia mambo lazima yalikwenda salama, vinginevyo angesema. Tofauti ilikuwa moja. Hakuniletea tena vipande vya gazeti. Nilimtania siku moja, "Mzee, siku hizi sikosei?" Akajibu, "Macho yamechoka, mwandishi." Nikafurahi, mjinga mimi, nikaona nimepumzishwa.

Jumatano nilikwenda matangani Satellite pamoja na Bhai. Mjane wa mzee hakuwa amewahi kuniona. Tulipompa pole alinitazama, akauliza, "Wewe ndiye mwandishi wa Woodley?" Nikasema ndimi. "Tulikungoja siku moja," akasema, na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayekumbuka mvua iliyonyesha. Mzee alikuwa amewaambia kwamba mimi nakuja na gari. Mama yule akawavalisha watoto viatu, akafunga nguo kwenye shuka, wakakaa mlangoni kuanzia saa tatu asubuhi. Kila mtoto mdogo alipouliza, mzee alimwambia barabara imefungwa, ndiyo maana nachelewa. Alipoona hanipati, aliwaambia simu yangu imeisha chaji. Saa nane mchana akamshika mdogo mkono, akatoka nao kwa miguu, akawafikisha uwanjani kwa chifu walipokuwa wakikusanyika waliofukuzwa. Vijana wa mtaani walimwona akipita nao, na tangu siku ile hakuna jirani aliyemwamkia mpaka kufa kwake. Nikauliza, "Na yule mama na watoto?" Akasema, "Hatujui, baba. Mzee alirudi uwanjani kesho yake akaambiwa wamepakiwa kwenye lori. Aliwatafuta sana. Amekufa akiwatafuta."

Bhai alisikia yote. Tulipotoka alipanda gari lake peke yake, ingawa tulikuja pamoja, na sikumlaumu.

Safu kama hii hutakiwa imalizike kwa funzo, nanyi mmenizoea nikiwapa. Hili hapa, ingawa halitamrudisha mtu. Kwa miaka mitano nilibishana kuhusu siku ambayo nchi yetu iligeuka, na siku yenyewe ilipokuja iliniita kwa simu, ikaniomba kwa adabu, nami nikaitika sawa. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenielekezea panga. Mzee aliwaambia watoto wale barabara imefungwa, na nadhani alitaka kuamini hivyo yeye mwenyewe. Niliipita barabara ile kwa gari asubuhi iliyofuata nikitafuta maziwa, maduka ya kwetu yakiwa yamefungwa. Ilikuwa wazi kabisa, kutoka Woodley hadi kwake.