Jiwe Lililomeza Ng'ombe

"Umenizamisha, wewe! Nyumba yangu ya Kiseke inafanya nini ziwani?" nilimfokea mpangaji wangu, fundi wa kompyuta, nikionyesha ramani kwenye kioo cha mashine yake. Mashine hiyo, inayonguruma chumbani kutwa, ndiyo huwaelekeza wauguzi wa zahanati kwenye nyumba za watu. Muuguzi tuliyemwita alikuwa amepotea, na mkwe wangu Adoyo alikuwa akilia kwa uchungu wa kuzaa. Fundi alifuta vidole kwenye suruali, kama afanyavyo kila mara kabla ya kugusa vitufe. "Bibi, watu hupaitaje hapa?" akanong'ona. "Kwenye jiwe lililomeza ng'ombe," nikamjibu. Uongo huo niliutunga mwenyewe, mtaa mzima ukauamini. Akauandika kwenye ramani hivyo hivyo, bila kucheka. Baada ya muda nikafungua mdomo nimtukane tena, muuguzi akaingia, simu yenye ramani mkononi, suruali imelowa maji ya ziwa hadi magotini. "Shikamoo bibi. Si mngesema tangu mwanzo kwamba ni pale kwenye jiwe!"