Jino la Bibi kwenye Kihenge cha Plastiki

Alama ya jino la bibi yangu ipo Basotu, kwenye kabati la vyombo la jirani yetu wa zamani. Imeganda katika nta nyeusi inayoshikilia paa la kihenge kidogo cha plastiki, cha kuchezea mtoto. Bibi tulimzika Nambis miaka mingi iliyopita, lakini jino lake nimeliona mwezi uliopita kwa macho yangu. Nilikitoa kihenge kile kabatini kwa vidole viwili, nikakirudisha haraka, nikajifuta mkono kwenye sketi. Kumbe jirani alikuwa ananitazama.

Ngoja nirudi nyuma ili tuelewane.

Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi, kwenye mashamba ya ngano ya serikali huko Hanang. Baba alikuwa dereva wa kombaini. Najua watu wakisikia ngano huwaza mkate na rangi ya dhahabu. Mimi huwaza kwanza panya. Wakati wa mavuno walikimbia mbele ya mashine, na wengine hawakuwahi. Baba alirudi jioni na manyoya kwenye mikunjo ya suruali, na mama hakumruhusu aketi mpaka ayachomoe kwa kijiti. Vumbi la makapi liliingia kwenye uji, kwenye masikio, kwenye shuka. Choo chetu kilihudumia nyumba nne, na nzi wake walifika mezani kabla yetu. Mama alioka mkate kwenye sufuria yenye makaa juu ya mfuniko, na harufu yake ningeilipia leo bei yoyote. Lakini hata mkate ule ulisaga mchanga kati ya meno.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alifanya kazi za ndani kwa mtaalamu wa Kizungu, upande ule wa nyumba zenye bustani. Mumewe alikwishaondoka, na kwa kazi ile alimlea binti yake, rika langu. Aliyemtangulia pale aliachishwa kazi kwa sababu ya bakuli la kioo lililopasuka. Jirani alitusimulia habari za bakuli hilo mara nyingi kiasi kwamba tulilijua kama bakuli letu la kulia chakula. Basi alipoingia kwetu jioni moja na beseni lililofunikwa kanga, uso umemshuka, mama alidhani amebeba kitu kilichokufa.

Ndani kulikuwa na shamba zima la plastiki: nyumba, banda lenye paa jekundu, kihenge kirefu cha nafaka, na uzio. Mtoto wa mtaalamu alikuwa shule ya bweni, anarudi Ijumaa, na mama yake alikuwa ameagiza vitu vyake vioshwe. Jirani aliviosha kama mtu wa kwetu anavyoosha kibuyu cha maziwa, kitu kinachostahili usafi wa kweli: kwa majivu na maji yanayochemka. Plastiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Kuta zilishikana kwa ndimi ndogo zinazoingia kwenye matundu, na sasa matundu yalikuwa yametanuka, ndimi zimelegea. Ukisimamisha ukuta huu, ule unalala.

"Nimeiua kazi yangu, dada," alimwambia mama.

Baba alicheka kwanza, akauliza kama huko kwao hao watu hujenga bila misumari. Kisha akataka kusaidia. Alipasha moto msumari, akagusa pembe ya banda ili izibe. Ukatoka moshi mweusi wenye harufu iliyokaa kooni mwangu hadi kesho yake, na pembe ikabaki na kidonda cha kahawia. Mama akamnyang'anya msumari. Akamwambia aendelee kuendesha kombaini.

Mimi na binti wa jirani tukapika gundi ya unga wa ngano, nzito, tukaipaka kwenye kila tundu. Majengo yalisimama. Tuliyaweka chini ya kitanda tukalala na furaha. Gundi haikukauka vizuri, ilichacha. Asubuhi ya pili nilipoinua paa la nyumba, harufu kama ya togwa lililosahaulika ilinipiga usoni, na mende walikuwa wamehamia. Mmoja alikuwa amenasa kwenye kona ya sebule, mgongo chini, miguu ikichapa hewa. Ukutani alikuwa ameacha kifuko cha mayai, kinachong'aa kama punje ya maharage. Niliangusha paa nikakimbilia nje. Jirani alikaa chini akaosha upya, kwa maji baridi sasa. Ilikuwa Alhamisi.

Bibi alikuwa amekuja kutoka Nambis kukaa nasi msimu ule. Kwao alizoea kuziba vibuyu vilivyopasuka, na muda wote alikuwa akitutazama kama mtu anayetazama watoto wakichunga kuku. Akaomba mfuko wake. Ndani alikuwa na sega alilopata kwa warina asali wa Yaeda Chini, sega la zamani, jeusi, bado lina majana, wale funza weupe wa nyuki. Alikuwa amejiwekea mwenyewe maana aliyapenda.

Sasa nisikilize vizuri. Bibi alikuwa na ugoro ndani ya mdomo wa chini. Hakuutoa. Alilitia sega kinywani juu yake akatafuna, majana yakipasuka, maji meupe yakimtoka pembeni. Alimeza ya kumeza. Kilichobaki alikitema kiganjani: nta laini, yenye vipande vya ngozi za majana, iliyolowa mate ya kahawia. Akaivuta kuwa uzi, akanikabidhi niuzungushe kwenye ndimi za plastiki kabla ya kuzisukuma tunduni, kwa sababu vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vyembamba. Ilikuwa ya vuguvugu. Nilimwambia natapika.

"Katapike nje," alisema kwa Kiiraqw, bila kuacha kutafuna. "Ukirudi ushike ukuta."

Nilitoka, nikarudi, nikashika. Paa la kihenge ndilo lililokaidi. Bibi akalichukua, akaweka donge la mwisho kwenye ukingo, akaling'ata kwa jino lake la mbele lililobaki mpaka likanyamaza. Jirani alimsukuma mama kwa kiwiko. Walikuwa wanacheka, machozi yanawatoka.

Ijumaa jioni tulimsubiri jirani mlangoni. Alifika, akavua viatu, akaomba maji.

"Mtoto amecheza," alisema.

Bibi aliuliza kama kuna kilichoanguka. Hakuna. Jirani alibaki na kazi yake hadi wataalamu walipoondoka.

Baada yao kombaini zilisimama moja moja, zikaota kutu. Mabati ya kambi yaling'olewa. Mwezi uliopita sikuona hata shimo la choo chetu. Ng'ombe walikuwa wanakula majani pale. Nilisimama nikinusa, na hapakuwa na harufu yoyote ya kunikera. Sikutegemea kwamba hilo lingeniuma.

Jirani, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinipa chai, nami nikauliza kihenge kilimfikiaje. Alisema mke wa mtaalamu alimpa siku ya kuondoka. Vingine vyote alivifunga sandukuni. Hiki alikigeuza, akakitazama ukingoni penye nta, akaja nacho hadi jikoni.

"Alikishika hivi," alisema, akakitoa kabatini kwa ncha za vidole viwili. "Kama ulivyokishika wewe."

Akakirudisha, katikati ya vikombe vyake vya wageni.

"Wewe umesoma, mwanangu. Alinipa, au alikitupa?"