Vijiko vya Mama Jirani

Wiki iliyopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alifika kutoka Lubumbashi akapanga samaki wa plastiki mezani pangu, juu ya kitambaa changu cha Jumapili. Si samaki wa kuliwa. Ni vyambo vya dukani, vina macho ya kuchorwa na matumbo ya rangi ya waridi, na kila kimoja kinaning'iniza ndoano tatu chini. Vilinuka kama ndala iliyoachwa juani. Alivitoa kwenye kisanduku kimoja kimoja mpaka meza ikajaa, nami nikakosa pa kuweka sahani. Kesho yake alikuwa aende na pikipiki upande wa Kabondo-Dianda, kwenye Lualaba, kumtafuta mbenga, yule samaki mwenye meno ya mbwa. Akajishika kidevu na kuniuliza, akiniita dada mkubwa kama kawaida yake:

"Yaya, unaona nibebe ngapi?"

Wewe unanijua, rafiki yangu. Mimi huona kinyaa upesi. Nzi akitua kwenye kikombe changu, kikombe chenyewe sikitaki tena. Lakini siku ile si plastiki iliyonichefua, ingawa nayo ilijitahidi. Ni lile swali. Nilimwambia wali unaungua, nikakimbilia jikoni, na jikoni hakukuwa na wali wowote. Nikasimama mbele ya kabati la vyombo, nikalifungua.

Nililelewa na Babu na Nyanya hapa hapa Kamina, katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Babu alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni pale njia panda. Usiku na mchana tulisikia mabehewa yakigongana, na mgeni akilala kwetu aliamka asubuhi ana macho mekundu, sisi tukimcheka. Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi Mama Jirani, mke wa karani wa stesheni, watu wa Kasai. Mama Jirani alikuwa mrefu, msafi kupita kiasi, na bukari yake, yaani ugali, ilikuwa laini na ya njano kwa sababu alichanganya mahindi na muhogo kwa namna yake. Nyanya alisema hiyo si bukari, ni gundi. Lakini sahani yake ikivuka ukuta, hakuirudisha na hata tonge moja.

Mama Jirani alikuwa na vijiko kumi na viwili. Vilikuwa vya chuma kizito, vimenyooka, na kwenye mwisho wa kila mpini kulikuwa na ua dogo lililochongwa. Alivipata siku ya ndoa yake. Havikutoka ila Jumapili baada ya kanisa, wageni wakija kunywa chai ya maziwa, na kazi ya kuvisugua ilikuwa yangu. Jumamosi mchana nilikaa kwenye kizingiti chake na jivu na nusu ya limao, nikasugua mpaka naona pua yangu ndani ya kijiko, imevimba. Nikimaliza alivihesabu kwa sauti, kwa Kiswahili ili nami nijifunze, moja mpaka kumi na mbili, kisha akanipa uji wa mchele kwa kijiko kimoja kati ya vile. Kwetu uji tulikunywa kwa kikombe. Kula uji kwa kijiko chenye ua kulinifanya nijione mtoto wa mkurugenzi, na nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo mpaka Nyanya akaniuliza kama nimeumwa.

Babu naye alikuwa na wazimu wake, na wazimu huo ulikuwa mbenga. Kila kiangazi alipanda treni, akapita Luena, akashuka na baiskeli yake akaenda mpaka mtoni. Mbenga hadanganywi na nyungunyungu, anataka kitu king'ae na kukimbia majini kama samaki mdogo. Kwa hiyo Babu alitengeneza vyambo vyake mwenyewe kwa vijiko vibovu. Alikata mpini kwa msumeno, akatoboa kile kichwa pande mbili kwa msumari na nyundo, upande mmoja akafunga waya na upande mwingine ndoano. Mashavu ya mbenga ni mfupa mtupu na meno yake hukata waya, kwa hiyo vyambo vilipotea. Ukienda na vichache unaweza kurudi mikono mitupu siku ya kwanza. Ukienda na vingi, Nyanya alisema, unakwenda kulisha mto vyombo vya nyumba.

Basi ilikuwapo desturi yetu. Asubuhi ya safari, tukiwa tumekaa uani, kila mtu alitaja namba yake. Nyanya alisema mbili, kila mwaka, hata kabla hajaulizwa. Babu alisema tano. Wakabishana, wakatukanana kwa mapenzi, na mwisho Babu akanigeukia mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. "Mutoto aseme. Tubebe ngapi?" Kinywa cha mtoto kilikuwa na bahati, waliamini hivyo, na kilichosemwa nacho hakikupingwa. Mimi nilisema nne. Sijui kwa nini nne. Labda niliipenda kwa sababu ilimpa Babu nafasi ya kucheka na Nyanya nafasi ya kununa.

Ukafika mwaka ule ambao watu wa Kasai waliambiwa hapa si kwao. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa. Sitakusimulia yote, tumbo langu haliwezi. Nitakwambia tu kwamba walikaa stesheni wiki nyingi, wamelala juu ya magodoro na masufuria yao, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na harufu ya ile stesheni bado inanirudia nikipita na pikipiki ya teksi. Nakumbuka pia watu wa mtaa wetu, waliokula Jumapili kwenye nyumba hizo, wakienda kuchungulia ni mlango gani umeachwa wazi. Hata leo wengine nawasalimu kanisani. Nawapa mkono, kisha naufuta kwenye kitenge changu.

Mama Jirani alikuja kwetu asubuhi moja, vumbi mpaka kwenye nyusi, na kifurushi cha kitambaa mkononi. Alikifungua mbele ya Nyanya, akahesabu kwa sauti kama Jumamosi zote. Mimi nilisimama hapo.

"Munichungie hizi," alisema. "Ku njia bataninyanganya. Siku moja nitarudia kuzikamata."

Nyanya alipokea kwa mikono miwili. "Kintu ya bantu ni ya bantu," alimjibu, yaani kitu cha watu ni cha watu. "Utazikuta." Akavifunga tena, akaviweka chini ya sanduku la nguo zake. Treni iliondoka siku chache baadaye. Nyumba ya upande wa pili ikawa na kimya ambacho hata mabehewa hayakukiziba.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa. Treni zilipungua, mshahara wa Babu ukawa hadithi, na kwetu sombe, yale majani ya muhogo, ilipikwa bila mafuta mpaka ulimi ukaota ukoko. Kiangazi kilipofika Babu alitaka kwenda mtoni, na safari hii haikuwa wazimu bali chakula. Lakini vijiko vibovu vilikuwa vimekwisha. Alijaribu kutumia kifuniko cha sufuria, kikawa chepesi, kinaelea. Asubuhi ya safari tulikaa uani kama kawaida, na Babu akatoka ndani ameshika kile kifurushi.

Nyanya aliacha kuchambua mboga. "Rudisha kule," alisema.

"Nitakamata mbili tu. Atabakia na kumi. Ni mutu gani anakulaka na bijiko kumi na mbili?"

"Kama ni kuiba, moja ao kumi na mbili njo ileile."

"Minyi siko mwizi. Nitamununulia ingine. Na weye unajua yeye hatarudia."

Nataka uelewe kwamba hapo ndipo Nyanya angeweza kusimama. Alikuwa mwanamke wa kumfukuza mlevi kwa mwiko. Lakini alitazama sufuria, akanitazama mimi na miguu yangu myembamba, akarudi kwenye mboga zake. Na Babu, kwa aibu nadhani, ili asibaki peke yake na jambo lile, akanigeukia.

"Mutoto aseme. Tubebe ngapi?"

Nilivijua vile vijiko kuliko mtu yeyote katika ua ule. Nilijua vilihesabiwaje. Pia nilikuwa na njaa, na samaki nilimkumbuka kwa pua. Nikasema nne.

Aliikata mipini hapo hapo. Nilisikia msumeno, kisha nyundo, ko, ko, ko, na Nyanya akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa isiyo na maana.

Babu alirudi baada ya siku kumi na mbenga mmoja mkubwa, nusu amekaushwa kwa moshi, na kichwa kizima kwa ajili ya kujisifu. Kijiko kimoja kilikuwa bado kimebanwa kwenye taya. Vingine vitatu vilikuwa vimebaki Lualaba. Nyanya alikitoa kile kijiko kwa kisu, akakitazama, akaenda nacho chooni akakitumbukiza shimoni. Kisha akanawa mikono, akapika.

Sasa nikwambie kinachonichefua. Si choo. Ni kwamba ilikuwa tamu. Mafuta yalielea juu ya mchuzi, nyama ilitoka kwenye mifupa yenyewe, nami nilikula na bukari ya moto, nikalamba vidole, nikalamba mkono mpaka kwenye kifundo, nikaomba tena. Hakuna samaki niliyewahi kula mtamu kama yule. Ningekuwa mtoto wa hadithi ningekabwa na mfupa. Mimi nililala nimeshiba.

Mama Jirani alirudi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, msichana mkubwa, sina tena kinywa cha bahati. Alikuja na treni, amekonda, mumewe ameshamzika huko, na gauni lake lilikuwa limepigwa pasi. Nyumba yake ya zamani ilikaliwa na watu wengine, hakuitazama. Nyanya alileta kifurushi kwa mikono miwili, kama alivyokipokea. Babu alikuwa anaziba tairi la baiskeli uani, akaanza kukohoa, akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Mama Jirani alifungua kitambaa, akahesabu kwa sauti. Akafika nane. Vidole vyake vikapapasa kitambaa kilichobaki. Nyanya alitazama chini. Basi Mama Jirani akaniita mimi, kwa lile jina aliloniitia zamani.

"Mamu, weye njo ulikuwa unazisugula. Zilikuwa ngapi?"

Sikulazimishwa na mtu. Hakuna aliyenikonyeza. Uongo ulitoka umenyooka, umepigwa pasi.

"Nane, Mama."

Alinitazama muda ambao sijaumaliza mpaka leo. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeendelea miaka zaidi ya ishirini.

"Njo vile," alisema, akikubali. "Ni nane. Minyi njo nilisahau." Akachukua kijiko kimoja, akakiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake. "Kamata hii. Ni juu ya kazi ya kunichungia."

Alikunywa maji, akaaga vizuri, akaondoka na vijiko saba. Hatukumwona tena. Babu alipofariki tulifungua kopo lake la misumari, na chini kabisa tukakuta mipini minne yenye maua, imefungwa kwa uzi. Hakuwa ameiuza wala kuitumia. Nyanya aliifunika tena na misumari, na kopo lile sijui lilienda wapi, kama vile nyumba zile zilivyoenda, na treni za kila siku, na watu waliokuwa wakipitishiana sahani juu ya ukuta. Siku hizi ukuta wetu una vipande vya chupa juu yake.

Kijiko ninacho. Kiko kabatini nyuma ya glasi. Hakuna aliyekula nacho, hata watoto wangu, na kila Jumamosi nakisugua kwa jivu na limao, nikakirudisha. Mume wangu anadhani ni cha urithi. Nilikuwa nimekishika pale jikoni shemeji aliponifuata.

"Yaya, wali iko wapi?" Akakiona kijiko, akanipokonya bila kuuliza, akakipima mkononi. "Oh! Hii chuma ya zamani iko nzito! Hii ingekuwa nzuri kwa mbenga, kushinda plastiki yangu yote."

Nilikinyakua kwa nguvu mpaka akarudi nyuma. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini yule kijana mwenye maneno mengi aliinua mikono juu. Kisha, kwa kutaka tu kupatana na mimi, akarudia swali lake la mezani kwa upole.

"Basi, Yaya, sema weye. Zikuwe ngapi?"

Nilitazama ua kwenye mpini, nikalitazama tena.

"Kumi na mbili," nikamwambia. "Zilikuwa kumi na mbili."

"Njo vile," alisema shemeji kwa furaha, akarudi sebuleni kuvihesabu vyambo vyake.