Mrija wa Mwanvita Uliokaa Miezi Saba

Mvua imekatika, ukungu bado umelala juu ya kijiji cha Kinole, na Mwanvita Mansuri, 58, yuko kwenye midalasini aliyoachiwa na mama yake, kisu mkononi. Anakwangua ganda la juu, anapasua gome, analibandua taratibu. Jicho moja liko kwenye tawi. La pili liko kwa Sabra, mke mwenzake, anayemenya mti wa pembeni.

"Muone anavyokimbiza kisu," ananong'ona. "Anataka Pazi akija akute fungu lake ndilo kubwa."

Pazi ndiye mume wao.

Julai iliyopita jiwe liliziba njia ya mkojo ya Mwanvita. Hospitalini mjini Morogoro walimwekea mrija mwembamba kutoka kwenye figo hadi kibofu, mkojo upate kupita. Kwenye kadi wakamwandikia tarehe ya kurudi kuutoa, isizidi miezi mitatu.

Tarehe ikaangukia kwenye vuli. Gome la mdalasini hubanduka vizuri wakati wa mvua. Jua likikaza, hung'ang'ania mti. "Niondoke, nimwachie Sabra miti yangu na mume?" Maumivu yalishakwisha, naye akaona mrija umemaliza kazi yake.

Sabra akamkumbusha: "Dada, siku yako imefika, nenda."

"Nikamwambia, 'Mbona una haraka na safari yangu kuliko mwenyewe? Una lako jambo!' Kadi nikaifukia kwenye debe la choroko."

Mrija ulipofikisha miezi saba alikojoa damu, homa ikampanda, ubavu ukawaka moto. Aliyemkumbatia kwenye bodaboda mpaka mjini, asianguke, ni Sabra huyo huyo.

"Mama, shikamoo," daktari alimwambia. "Mrija huu haukuwekwa ukae milele. Umeota mawe. Maumivu kuisha si ruhusa ya kuuacha."

Wakavunja mawe kwanza, ndipo ukatoka. Wakamwekea mwingine, wa wiki mbili tu. Figo ya kushoto imepungua nguvu. Zamani alimenya kilo tano kwa siku. Sasa hafikishi mbili.

"Kijiji kizima, 'Sabra kamwokoa, Sabra kamwokoa.' Zinaniuma sifa hizo kuliko ubavu," anasema, anacheka, kisha hacheki tena.

Jumatatu mrija wa pili unatakiwa utoke, na mvua ndiyo kwanza imekolea. Pazi, anayefika shambani sasa, anajitolea kumsindikiza. Mwanvita anamkatalia.

"Wewe baki na miti. Nakwenda na Sabra."

"He! Dada, na mdalasini wangu?" Sabra anaropoka kutoka mti wa pili.

"Utausubiri. Nikikuacha huku na mume, nitashuka kitandani kabla hawajanitoa huo mrija."